Baridi Ambayo Kampanula Huikosa Nunguni

Kampanula ni kundi la mimea zaidi ya 400 ya jenasi Campanula, ambayo mingi yake ina asili katika Ulaya, katika nchi zinazoizunguka Bahari ya Mediterania na katika milima ya Kaukazi, na ambayo hutambulikana kwa maua yake ya samawati, zambarau au meupe yenye umbo la kengele. Spishi zinazopendwa zaidi na watunza bustani ni zile za kudumu, yaani zile ambazo majani na mabua yake hunyauka kila kipupwe huku shina fupi lililo usawa wa udongo, pamoja na mizizi yake, likibaki hai na kuchipua upya joto linaporejea. Campanula persicifolia na Campanula carpatica, ambazo ni maarufu kuliko nyingine nyingi, huorodheshwa kuwa zinaweza kuvuka kipupwe ambacho halijoto yake hushuka hadi nyuzi 35 na hata 40 za Selsiasi chini ya sifuri. Ni rahisi basi kwa msomaji wa Nunguni, mji ulio juu ya vilima vya Kilungu katika kaunti ya Makueni, kwenye kimo cha takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, kuhitimisha kwamba mmea wenye ustahimilivu wa namna hiyo hauna la kuhofu katika ukungu wa Julai, na kwamba ukipandwa huko utastawi na kuchanua. Sehemu ya kwanza ya hitimisho hilo ni sahihi kabisa. Kasoro imo katika sehemu ya pili, kwa kuwa baridi iliyopo Nunguni haimdhuru kampanula hata kidogo, ilhali baridi isiyokuwepo humdhuru sana.

Kiwango hicho cha nyuzi 40 hutokana na mfumo wa kanda za ustahimilivu ulioandaliwa na Wizara ya Kilimo ya Marekani, ambayo ilichapisha ramani yake ya kwanza ya aina hiyo mwaka 1960 na kuisahihisha mara kadhaa tangu wakati huo, mara ya karibuni ikiwa mwaka 2023. Ramani hiyo huigawa nchi katika kanda 13 kwa kutumia kigezo kimoja tu, nacho ni wastani wa halijoto ya chini kabisa inayofikiwa katika mwaka, na kila mmea hupewa namba ya kanda yenye baridi kali zaidi ambayo unaweza kuivuka bila kufa. Kampanula mbili zilizotajwa hupewa kanda ya 3. Kwa kigezo hicho hicho Nunguni ingeangukia kanda ya 10 au 11, ambamo imo pia Miami, mji wa pwani ya kusini ya Florida, ingawa mkazi wa Nunguni anayekwenda sokoni Julai akiwa amevaa sweta na koti angestaajabu kusikia kwamba ramani inamweka kundi moja na watu wa huko. Hapo ndipo udhaifu wa kipimo hiki unapoonekana, kwani namba ya kanda hujibu swali la usiku mmoja mbaya kuliko yote katika mwaka, wala haisemi lolote kuhusu baridi hudumu kwa muda gani, huja kwa mpangilio upi, wala mmea huitumiaje.

Ili kuelewa mmea huitumiaje baridi, ni lazima kwanza kueleweka jinsi baridi inavyoua. Maji yaliyomo ndani ya mmea yamegawanyika sehemu mbili, yaani yale yaliyo ndani ya seli, ambazo ni vijumba vidogo sana vinavyoujenga mwili wa kila kiumbe, na yale yaliyo katika nafasi zilizo kati ya seli moja na nyingine. Barafu ikijiunda ndani ya seli, fuwele zake huupasua utando unaoizunguka na seli hufa papo hapo, na hakuna mmea wenye kinga dhidi ya jambo hilo likishatokea. Katika mimea inayostahimili, barafu huanza nje ya seli, ambako maji hayana chumvi na sukari nyingi na kwa hiyo huganda mapema zaidi, kisha barafu hiyo huyavuta maji ya ndani ya seli, nayo hutoka kidogo kidogo na kuiacha seli ikiwa imesinyaa lakini haijapasuka. Seli iliyo katika hali hiyo haisumbuliwi tena na ubaridi wenyewe. Inasumbuliwa na kiu, kwa sababu maji yote yaliyo karibu nayo yamekuwa mawe. Jambo hili linastahili kusisitizwa kwa wasomaji wa Ukambani, ambao wameuishi ukame vizazi na vizazi, kwa kuwa kifo cha baridi kwa sehemu kubwa ni kifo cha ukame, na hata protini ambazo mimea huzitengeneza ili kuzilinda seli zake zinaponyimwa maji, ziitwazo dehidrini, huongezeka katika mimea mingi pale mvua inapokosekana na vilevile pale sakitu inapoingia.

Kampanula hazaliwi akiwa na ustahimilivu huo tayari, wala hakai nao mwaka mzima. Mmea wa Campanula persicifolia ambao Januari huko Ulaya ya kaskazini huvumilia udongo ulioganda kama saruji, ungeweza kuuawa na nyuzi chache tu chini ya sifuri iwapo baridi hiyo ingeujia ghafla katikati ya Julai, ukiwa katika kilele cha ukuaji wake. Kinachouokoa ni majuma kadhaa ya maandalizi, ambayo huanza siku zinapofupika na usiku unapoanza kuwa wa nyuzi 10, kisha 5, kisha 2. Katika kipindi hicho ukuaji hupungua, chakula kilichohifadhiwa mizizini hubadilishwa kuwa sukari, ambayo hushusha kiwango cha kuganda cha maji ya seli na kuzishikilia tando zisishikamane maji yanapotoka, nayo mafuta yanayojenga tando hizo hubadilishwa aina. Badiliko hili la mwisho linaweza kuonekana katika jiko lolote la Nunguni wakati wa kipupwe, ambapo mafuta ya nazi yaliyoletwa kutoka pwani huganda na kuwa meupe ndani ya chupa huku mafuta ya alizeti yaliyo kwenye rafu ile ile yakiendelea kumiminika, kwa sababu molekuli za mafuta ya alizeti zina mikunjo inayozizuia kupangana na kushikamana. Utando wa seli uliojengwa kwa mafuta yenye mikunjo mingi hubaki laini hata katika baridi, na kampanula huongeza mafuta ya aina hiyo kadiri majira ya baridi yanavyokaribia. Matayarisho haya huchukua majuma kujengeka, lakini yanaweza kupotea kwa siku chache tu za joto, na ndiyo maana watunza bustani wa Ulaya huhofia sakitu ya ghafla ya Aprili kuliko theluji ya Januari. Theluji yenyewe humsaidia kampanula, kwani huufunika udongo na kuuzuia usipoteze joto lake, kiasi kwamba hewa inaweza kuwa nyuzi 20 chini ya sifuri huku shina lililo chini ya theluji nene likiwa karibu na sifuri tu.

Wapo hata hivyo ndugu wa kampanula ambao hawapewi majuma ya kujiandaa, na ndugu hao hawaishi Ulaya. Familia ya Campanulaceae, ambayo jenasi Campanula imeipa jina, ina spishi zaidi ya 2,000, na wataalamu wengi wa leo huzijumuisha humo lobelia, ingawa wengine wamezoea kuzitenga katika familia yake yenyewe. Katika Mlima Kenya, juu ya msitu na juu ya eneo la mianzi na la vichaka virefu vya jamii ya erika, kuna lobelia za ajabu ambazo mtu mzima akisimama kando yake huonekana mfupi. Olov Hedberg, mtaalamu wa mimea kutoka Uswidi aliyeichunguza milima mirefu ya Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1948, alieleza hali ya hewa ya huko kuwa ni kiangazi kinachorudi kila mchana na kipupwe kinachorudi kila usiku. Katika Bonde la Teleki, kwenye kimo cha zaidi ya mita 4,000, jua la mchana huweza kuchoma ngozi, na usiku huohuo, hasa mbingu zikiwa wazi, halijoto ikashuka nyuzi kadhaa chini ya sifuri. Mmea unaoishi hapo hauwezi kunyauka na kulala kama kampanula, kwa kuwa ungelala kila siku ya maisha yake.

Lobelia keniensis, inayomea kwenye mabonde yenye unyevu, huyapanga majani yake katika shada kubwa linalogusa ardhi, na katikati ya shada hilo hushikilia maji yaliyochanganyika na utelezi unaotolewa na mmea wenyewe. Jua linapozama, majani hujikunja kuelekea katikati, yakilizungushia chipukizi, yaani ncha changa ambamo majani mapya hutoka, kuta nyingi za majani makubwa. Asubuhi mapema, mpita njia akiinama juu ya shada hilo huona utando mwembamba wa barafu juu ya maji, naye akiuvunja kwa kidole hukuta chini yake maji ambayo hayajaganda, na chipukizi likiwa salama humo ndani. Majani ya nje yenyewe huganda kwelikweli usiku, barafu ikiwa katika nafasi za kati ya seli, kisha huyeyuka jua linapopanda na kuanza kazi yake ya kutengeneza chakula kana kwamba hakuna lililotokea. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1982 na Erwin Beck wa Chuo Kikuu cha Bayreuth pamoja na wenzake ulionyesha kwamba mimea mikubwa ya mashada ya huko huzitumia njia hizo mbili pamoja, ikiikwepa sakitu katika chipukizi na kuivumilia katika majani.

Lobelia telekii, iliyopewa jina la Sámuel Teleki, Mhungaria aliyefika kwenye miteremko ya mlima huo mwaka 1887, ina mbinu nyingine, nayo ni mojawapo ya mambo mazuri kuliko yote katika biolojia ya mimea ya Kenya. Spishi hii humea kwenye miteremko mikavu yenye mawe, hukaa miaka mingi ikiwa shada tu, kisha huchanua mara moja maishani na kufa. Inapochanua hutoa mnara wa maua unaoweza kufikia mita 2 au zaidi, uliofunikwa na vijani virefu vyenye manyoya ya rangi ya kijivu vinavyolizuia joto lisipeperushwe na upepo, na ndani yake mnara huo una uwazi uliojaa kiowevu kinachoweza kufikia lita kadhaa. Mwaka 1979 watafiti wa Norwei, Krog na Zachariassen pamoja na wenzao, walieleza katika jarida la Nature kwamba kiowevu hicho kina vianzishi vya barafu, yaani chembe zinazoyafanya maji yaanze kuganda mara tu yanapovuka sifuri badala ya kuendelea kupoa yakiwa bado ni majimaji. Kwa mtazamo wa kwanza, mmea unaojisaidia kuganda unaonekana kujitafutia maangamizi. Lakini maji yanapogeuka barafu hutoa joto, na joto hilo si dogo, kwa kuwa kilo moja ya maji ikiganda hutoa kilojuli 334, ambazo zingetosha kuipasha kilo hiyohiyo kutoka sifuri hadi nyuzi 80 hivi. Sehemu ndogo tu ya kiowevu huganda katika usiku mmoja, na wakati wote huo joto linalotoka huizuia sehemu ya ndani ya mnara isishuke chini ya sifuri, hadi jua linapochomoza na kuiyeyusha barafu hiyo ili iwe tayari kwa usiku unaofuata.

Tofauti kati ya ndugu hawa wawili basi imo katika mpangilio wa muda. Kampanula wa Ulaya ameufunga ustahimilivu wake kwenye kalenda ya mwaka, naye huusoma mwaka kwa urefu wa siku na kwa baridi ya muda mrefu. Lobelia ya mlimani hukaa tayari siku zote, na hulipa gharama ya utayari huo kwa kukua polepole mno. Nunguni haipo katika kalenda ya yeyote kati yao.

Baridi ya Nunguni huanza karibu na Juni na kuendelea hadi Agosti, wakati upepo wa kusi unapoleta hewa yenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi, nayo hewa hiyo inapolazimika kupanda vilima vya Kilungu hupoa kwa takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 inazopanda na kufanya mawingu mazito, manyunyu na ukungu unaoweza kufunika migomba na mibuni hadi saa nne au tano za asubuhi. Msafiri anayetoka tambarare ya Makindu akiwa na fulana huifahamu tofauti hiyo kabla hajafika sokoni. Hata hivyo mawingu yanayoufanya mchana uwe baridi ndiyo yanayoukinga usiku, kwa kuwa hurudisha ardhini sehemu kubwa ya joto ambalo ardhi hulipoteza kuelekea angani, na kwa sababu hiyo halijoto ya usiku hukaa nyuzi kadhaa juu ya sifuri, kwa kawaida karibu na 10 au 12. Sakitu nchini Kenya huja zaidi katika kiangazi cha Desemba hadi Februari, katika nyanda kama Kinangop na mabonde ya Kericho, pale usiku unapokuwa mtulivu, mkavu na wenye nyota tele, hewa baridi ikatiririka kwenye miteremko na kutuama chini. Hivyo ndivyo majani chai ya Kericho yalivyoungua Januari 2012. Kwa hiyo mtu wa Nunguni anayetetemeka Julai yuko salama zaidi dhidi ya sakitu kuliko mkulima wa Kinangop anayeota jua Januari.

Je, kampanula akipandwa katika hali hiyo hufanya nini? Campanula persicifolia huota, hutoa majani mazuri ya kijani yaliyo membamba, na huendelea kutoa majani hayo hayo mwaka baada ya mwaka. Mmea huu una hitaji la baridi, yaani chipukizi lake haliwezi kuanza kutengeneza maua mpaka lipitie majuma kadhaa mfululizo ya halijoto iliyo karibu na nyuzi 5, kwa kuwa katika nchi ya asili yake baridi ya namna hiyo ndiyo ishara inayothibitisha kwamba kipupwe kimepita na kwamba maua hayatachanua yakafa. Nyuzi 11 za usiku, zikifuatwa na 20 za mchana, hazihesabiwi. Wakulima wa matofaa katika nyanda za juu za Kenya wanalifahamu tatizo hili kwa jina jingine, kwani mitofaa ya Ulaya hukataa kuchipua vizuri pasipo baridi, na ndiyo sababu aina ya Anna, iliyozalishwa Israeli kwa ajili ya nchi zenye joto, imepokewa vyema, na ndiyo sababu pia wapo wanaopukutisha majani ya miti kwa mikono ili kuiamsha. Kwa kampanula hila hiyo haisaidii.

Campanula carpatica, kampanula mfupi wa milima ya Karpati, haihitaji baridi ili ichanue, na hapo mtunza bustani angeweza kupata matumaini, lakini nayo hudai siku ndefu, zenye mwanga wa zaidi ya saa 14. Nunguni iko chini kidogo tu ya ikweta, na urefu wa siku zake hautofautiani kwa zaidi ya robo saa hivi katika mwaka mzima. Mmea huo utasubiri Juni ya Ulaya ambayo haitafika kamwe, isipokuwa uwashiwe taa usiku kama inavyofanywa katika mashamba ya maua ya Kenya kwa hipericum, ambayo nayo ni mmea wa siku ndefu. Campanula medium, ambaye kwa asili huishi miaka miwili tu, ana hitaji la baridi pia katika aina zake za kale, lakini zimezalishwa aina mpya za maua ya kukatwa ambazo zimeondolewa hitaji hilo na zinazohitaji mwanga wa ziada pekee. Kwa mtu wa Nunguni anayetaka maua ya kengele ya rangi ya samawati na mwenye umeme wa kuwasha balbu moja juu ya tuta kwa saa chache kila usiku, aina hizo ndizo za kununua, na pakiti ya mbegu isiyoeleza kama aina yake inahitaji baridi au la ingefaa iachwe dukani.

Zaidi ya ukosefu wa baridi kavu kuna tatizo la unyevu usiokauka, ambalo huua kampanula wengi kuliko baridi hata huko Ulaya. Shina la kampanula lililokaa majuma mawili katika ukungu na udongo mzito wa mfinyanzi huanza kuoza pale pale linapokutana na udongo, na dalili ya kwanza ni majani ya chini kuwa manjano na kuteleza yanapovutwa. Dawa yake ni ya kimuundo. Tuta liinuliwe kiasi cha nusu mkono, udongo uchanganywe na kokoto ndogo au mchanga wa mtoni, na shina lisizikwe kwa matandazo katika Juni na Julai. Matandazo yasogezwe mbali nalo na kurudishwa Agosti mwishoni, jua kali linapokaribia na udongo unapohitaji kuhifadhiwa maji. Pembezoni mwa ngazi za mashamba ya Kilungu, pale ambapo maji hayatuami, ni mahali pafaapo zaidi kuliko bustani bapa iliyo mbele ya nyumba.

Inasikitisha kwamba mjadala wa maua ya kengele nchini Kenya huanza na kuishia kwenye pakiti za mbegu kutoka nje, ilhali nyanda za juu zina maua yake ya familia hii ambayo hayana hitaji la theluji. Wahlenbergia, yenye maua madogo ya samawati, hupatikana katika nyasi za milimani, na Campanula edulis, kampanula halisi mwenye mzizi mnene unaoliwa, huanzia Yemeni na Uhabeshi na kufika Kenya. Zaidi ya hao wote yupo Canarina eminii, ambaye hutambaa juu ya miti katika misitu ya milimani yenye ukungu kama ya Aberdare, akining'iniza kengele kubwa za rangi ya chungwa ambazo ndege aina ya chozi huzitembelea ili kunywa nekta. Ndugu yake wa Visiwa vya Kanari hulala chini ya ardhi katika ukame na kuamka mvua zinapoanza, yaani hufuata ishara ambayo Nunguni inayo mara mbili kwa mwaka. Mmea wenye maua ya namna hiyo, unaopenda ukungu na usiodai baridi ya nyuzi 5, ungestahili kujaribiwa na wenye vitalu wa Kilungu mapema kuliko aina yoyote ya Karpati, mradi uoteshwe kwa mbegu zilizokusanywa kwa kibali, na viazi vyake viachwe msituni vilipo.